Mashine moja ya kukimbia na kusukuma sledi: je, jimu ndogo inaihitaji?

Swali: Kocha, shikamoo. Nina jimu ndogo Mbezi, Dar es Salaam, yenye mashine mbili za kukimbilia za kawaida. Mteja wangu mmoja amerudi kutoka Dubai na anajiandaa na mashindano ya Hyrox, yale yanayochanganya mbio na mazoezi ya nguvu. Anasema kule kuna mashine ambayo ukitaka unakimbia juu yake, ukitaka inageuka sledi ya kusukuma, yaani kama ile fremu ya chuma yenye uzito inayosukumwa sakafuni. Kwa sasa yeye na wenzake wanaizima mashine yangu moja, wanashika vyuma vya mbele na kusukuma mkanda kwa miguu. Je, hiyo ni sawa? Na hiyo mashine ya kazi mbili inafanyaje kazi, ina faida gani ya kweli, na mtu wa kipato changu aweke hela yake huko?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na la haraka, kwa sababu hilo linakugharimu kila siku: wazuie leo kusukuma mkanda wa mashine iliyozimwa. Nitakupa sababu, maana wateja wa namna hiyo hawatosheki na neno "hairuhusiwi", na zoezi wanalolitaka ni zuri sana. Mahali wanapolifanyia ndipo pabaya.

Ndani ya mashine yako kuna mota, na kwa mashine nyingi za bei ya kati ni mota ya umeme wa DC yenye sumaku za kudumu. Mota inazungusha rola ya mbele kwa mkanda mwembamba, na rola inavuta mkanda mkubwa unaoukanyaga. Mtu akiizima mashine akaanza kusukuma, kazi inaenda kinyume: mguu unavuta mkanda, mkanda unazungusha rola, rola inaizungusha mota. Mota ya aina hiyo ikizungushwa kutoka nje inakuwa jenereta. Inazalisha umeme, na umeme huo unarudi kwenye bodi inayoiendesha mota, ambayo kwenye mashine nyingi haikutengenezwa kupokea umeme kutoka upande huo. Siku ya kwanza hutaona kitu, hata mwezi unaweza kupita. Kisha asubuhi moja mashine inawaka, inaonyesha msimbo wa hitilafu na kugoma kuondoka, na fundi anakuambia bodi imekwenda.

Tatizo la pili ni ubao ulio chini ya mkanda. Uzito wanaouhisi wanaposukuma ni msuguano wa mkanda na ubao huo, na msuguano huo unategemea uzito wa mwili wa anayesukuma. Mwenye kilo 95 anapata mzigo mkubwa, mwenye kilo 60 anapata mdogo, na hakuna kitufe cha kuubadilisha. Kwa hiyo hata kama zoezi ni zuri, wanafanya mazoezi yasiyopimika, huku wakiula ubao na mafuta yake. Tatizo la tatu ni nguzo za mbele. Zimetengenezwa kubeba skrini na kushikwa na mtu anayeyumba kidogo. Mtu mzima anapozisukuma kwa mwili mzima, seti baada ya seti, boliti za chini zinaanza kulegea.

Kagua mwenyewe leo jioni. Chomoa waya ukutani, fungua kifuniko cha mota, mulika na tochi. Vumbi jeusi laini lililotapakaa kuzunguka rola ni mkanda unaosagika. Kisha shika nguzo moja karibu na skrini uitikise mbele na nyuma, na macho yako yawe chini inapokutana na fremu. Ikicheza hata kidogo pale kwenye boliti, usimruhusu mtu yeyote kukimbia juu yake hadi ikazwe.

Sasa tuingie kwenye mashine yenyewe. Zote hizi, za zamani na za sasa, unaweza kuzielewa kwa swali moja: nani anaendesha mkanda, mashine au mguu? Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyaga kwa ajili ya magereza, na pale mguu wa mfungwa ndio uliolizungusha. Mwaka 1952, katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, daktari Robert Bruce na mhandisi Wayne Quinton wakatumia mashine ya mota kupima moyo, na huko mkanda ukawa unaenda wenyewe, mtu anaufuata. Mashine za jimu tunazozijua zimetokana na wazo hilo la pili. Za kazi mbili zinachanganya yote mawili: unapokimbia mota inaendesha mkanda, unapobonyeza hali ya sledi mota inaacha kuvuta na kuanza kuzuia, na mkanda hausogei mpaka mguu wako uuvute.

Zilizopo sokoni unaweza kuzigawa makundi mawili. La kwanza lina mota na kompyuta inayogeuza kazi yake. Mfano unaojulikana ni Skillrun ya Technogym, kampuni ya Cesena, Italia. Mashine hiyo unakimbia kama kawaida, na ina pia mazoezi yanayoiga sledi na parachuti ya kukimbilia, ile inayofungwa kiunoni ikamvuta mkimbiaji nyuma kwa hewa. La pili halina mota kabisa: mkanda umepinda kama bakuli, na kuna breki ya kuongeza uzito. Skillmill ya kampuni hiyo hiyo iko humo. Mashine za Curve za Woodway na AssaultRunner ni jamaa zao kwa umbo, ila si kila toleo lina breki, kwa hiyo usidhani kila mkanda uliopinda unaweza kuwa sledi. Ule usio na breki ni wa kukimbia tu, ingawa kwa kasi ile ile utakutoa pumzi zaidi ya mashine ya mota.

Kuna jambo moja la kimaumbile ambalo wauzaji hulipita haraka, nami nataka ulielewe vizuri kwa sababu ndilo litakalokuwezesha kuipima mashine yoyote. Ili mguu uusukume mkanda kuelekea nyuma kwa nguvu, lazima kitu kiuzuie mwili usiende mbele. Uwanjani kitu hicho ni sledi yenyewe: unaisukuma, nayo inakusukuma. Kwenye mashine wewe umebaki palepale, kwa hiyo kazi hiyo inafanywa na vishikio vya mbele, au na mshipi wa kiunoni uliofungwa kwenye nguzo ya nyuma. Bila kimoja kati ya hivyo huwezi kusukuma kitu, utajikuta umeupanda mkanda hadi mbele. Mkanda uliopinda unasaidia kidogo, kwa kuwa unakanyaga juu kwenye mkunjo na uzito wako unauvuta chini, lakini breki ikikazwa bado utahitaji vishikio. Ndiyo maana ubora wa mashine ya sledi uko kwenye vishikio na fremu kuliko kwenye skrini. Vishikio viwe vya chini na vya juu, vimwezeshe mfupi na mrefu kuinama mwili mzima ukiwa mstari mmoja kutoka kisigino hadi bega, na fremu isiinuke wala kuteleza sakafuni mtu anapoegemea kwa nguvu zote.

Jambo la pili ni aina ya breki. Breki nyingi za sumaku hufanya kazi kwa bamba la chuma linalozunguka kati ya sumaku, na zuio linatokea bamba likizunguka tu. Mkanda ukiwa umesimama, zuio ni sifuri. Kadiri unavyoongeza kasi ndivyo linavyopanda. Sledi halisi iko kinyume kabisa: pagumu kuliko pote ni pa kuiondoa. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo anaijua habari hiyo mwilini mwake, anajikunja na kukaza meno wakati wa kuondoka, ukishaenda anasimama wima. Kwa hiyo mashine ya breki ya sumaku peke yake inakupa hatua ya kwanza nyepesi mno, na kwa mkimbiaji wa mbio fupi hatua ya kwanza ndiyo aliyoifuata. Mota inayoongozwa na kompyuta inaweza kukuzuia tangu mkanda haujasogea. Hapo ndipo tofauti ya bei inapoanza kuwa na maana, na ndiyo maana unapokwenda kuijaribu usianze kwa kukimbia. Simama juu ya mkanda uliotulia, weka sledi nzito, sukuma hatua ya kwanza polepole. Mguu ukiteleza nyuma kirahisi halafu uzito ukaja baadaye, unajua umepewa nini.

Parachuti ni habari nyingine. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa kasi: ukizidisha kasi mara mbili, unazuiwa mara nne. Sledi inakukaba chini mwanzoni, parachuti inakukaba juu ukiwa umeshika kasi. Mashine yenye hali zote mbili inakupa pande mbili za mbio, na kwa wanaotaka kasi hilo ni jambo kubwa kweli. Kwa mteja wa kawaida anayetaka kupunguza kitambi, ni kitufe atakachobonyeza wiki ya kwanza na kukisahau.

Sasa kilo. Mteja wako wa Hyrox atakuambia anataka "sledi ya kilo 152", na ana haki, kwa sababu huo ndio uzito wa sledi ya kusukuma kwa wanaume wa daraja la wazi (Open), pamoja na sledi yenyewe. Wanawake wa daraja hilo ni kilo 102. Lakini hakuna anayeinyanyua ile sledi. Anapambana na msuguano wake na zulia. Chukua kilo 152: kwenye zulia lenye kiwango cha msuguano cha 0.3 utahitaji nguvu ya nyutoni (kipimo cha nguvu ya kusukuma) kama 450 kuiendesha, sawa na kubeba kilo 45 hivi. Zulia likiwa kali zaidi, la 0.45, sledi ile ile inataka nyutoni 670. Kilo ni zile zile, mzigo umepanda kwa nusu nzima. Ndiyo sababu mtu anatamba jimuni kwake kisha anafika kwenye mashindano sledi inamgomea. Mashine nzuri inakuonyesha nyutoni au wati, na hapo unaweza kulinganisha Jumatatu na Ijumaa bila kubahatisha. Inayokuonyesha "ngazi ya 7" tu inakuambia kwamba 7 ni nzito kuliko 6.

Ukiwa na sledi halisi popote, unaweza kuipima bila maabara. Chukua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, ifunge kwenye sledi kwa kamba, vuta taratibu kwa mwendo usiobadilika, kamba ikiwa sambamba na sakafu. Soma wakati inatembea, si wakati inaanza, maana namba ya kuanzia huwa juu zaidi. Kilo ulizosoma zidisha kwa 10, umepata nyutoni kwa ukaribu wa kutosha. Kisha weka namba hiyo kwenye mashine. Kama unasukuma nyutoni 450 kwa mita 50 katika dakika moja, umefanya kazi ya jouli 22,500, wastani wa wati 375. Hizo ni namba unazoweza kumwandikia mteja kwenye daftari lake.

Kwa nini watu wamelipenda zoezi hili kiasi hiki? Ukikimbia, kila hatua unatua kwa nguvu mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako, na misuli inarefuka huku imebeba mzigo huo. Kurefuka huko ndiko kunakoleta yale maumivu ya siku ya pili, hasa kwa asiyezoea. Kwenye sledi nzito hakuna kutua. Mguu mmoja uko chini wakati wote, misuli ya makalio, mapaja na vigimbi inajikunja na kusukuma, basi. Mapigo ya moyo yanapanda hadi juu kabisa, lakini kesho yake mtu anapanda ngazi vizuri. Kwa mwenye magoti yanayolalamika akikimbia, mara nyingi sledi inampa kazi ngumu bila kumuumiza, na wataalamu wa viungo huitumia pia, hasa kwa kuivuta kinyumenyume. Nikiambiwa nibaki na kifaa kimoja tu kwa watu wa rika la kati wanaoanza mazoezi, mimi nitachagua sledi.

Kwa wachezaji wa mpira na wakimbiaji wa mbio fupi kuna hoja nyingine. Kwa miaka mingi makocha walielekezwa waweke mzigo mdogo, usiopunguza kasi kwa zaidi ya asilimia 10, kwa kuogopa kuharibu mtindo wa kukimbia. Watafiti, miongoni mwao Jean-Benoît Morin na Pierre Samozino wa Ufaransa, wakaonyesha kwamba mzigo mzito una nafasi yake: unapokimbia, nguvu inashuka kadiri kasi inavyopanda, na zao la viwili hivyo, yaani wati, linafika kilele kwenye mzigo unaoishusha kasi yako ya juu hadi kama nusu. Mchezaji anayefikia mita 8 kwa sekunde atatoa wati nyingi zaidi kwenye mzigo unaomwacha na mita 4 kwa sekunde. Uwanjani kuutafuta mzigo huo ni kazi ya kuongeza na kupunguza vyuma, na saa mkononi. Kwenye mashine inayopima, unauona palepale. Hapa ndipo naiona thamani halisi ya mashine ghali, na ni thamani ya timu au kituo cha wanamichezo.

Kwa mtu wa Hyrox thamani iko kwingine. Mashindano yale, yaliyoanzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017, ni kilomita moja ya kukimbia mara nane, na baada ya kila kilomita kuna kituo cha kazi. Sledi ya kusukuma inakuja baada ya kilomita ya pili, mita 50, halafu unatakiwa ukimbie tena. Dakika ya kwanza baada ya sledi ndiyo inayowavunja watu: mapaja yamejaa, hatua imekuwa fupi, pumzi haijarudi, na mwenye pupa anaichoma mbio yake yote hapo. Kuuzoeza mwili kuhama kutoka kusukuma kwenda kukimbia ni mazoezi ya pekee, na mashine ya kazi mbili inakufanya uhame bila kushuka. Kikwazo ni kwamba haifundishi kila kitu. Kwenye mashine sledi haiendi upande, hailali, haina mwisho wa mstari wa kusimama na kugeuza upande wa kusukumia. Anayejiandaa na mashindano lazima aiguse sledi ya kweli pia.

Sasa hela yako. Ushauri wangu kwa jimu ndogo: usianze na mashine hii. Tafuta kwanza mstari wa mita 12 hadi 15, ndani au uani chini ya bati, tandika nyasi bandia imara, na umwone fundi wa kuchomelea. Sledi ni kazi rahisi kwake: bamba la chuma la kuwekea vyuma, reli mbili chini zilizopinda mbele na nyuma kama mtumbwi ili zisichimbe nyasi, mabomba mawili ya wima ya kufikia kifuani, na kidude cha katikati cha kuvalisha vyuma vyako vya kunyanyulia. Mwambie alainishe kingo zote za chini, maana ncha moja iliyobaki itachana zulia lako siku ya kwanza. Usiiburute kwenye saruji tupu, kelele zake zitaleta majirani. Kwa wanaoanza hata tairi la gari na kamba ndefu ya kiunoni linafanya kazi. Kamba iwe mita 3 au zaidi ili isimvute mtu kiuno kuelekea chini.

Na mashine zako mbili bado zina kitu hamjakitumia, nao ni mwinuko. Mtu wa kilo 70 akitembea kwenye mwinuko wa asilimia 15, anapambana na mvuto wa nyutoni kama 100 kila hatua, mkanda ukiendeshwa na mota kama inavyotakiwa, hakuna kinachoharibika. Haifiki uzito wa sledi, lakini ni mzigo unaopimika, na ukimwambia asishike vyuma ataelewa. Anayeshika vyuma na kujivuta amejipunguzia kazi huku skrini ikimsifu.

Nunua mashine ya kazi mbili kama mambo haya yanakuhusu: huna kabisa nafasi ya mstari wa nyasi, jengo lako lina majirani chini wasiostahimili kelele, na una kundi la wateja wanaolipia mafunzo ya kupimwa, si mmoja aliyerudi kutoka Dubai. Mteja mmoja ni mgeni mzuri, lakini hawezi kulipia mashine.

Ukifika hatua hiyo, angalia umeme kabla ya rangi. Mashine kubwa ya mota inataka laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya wa unene unaotakiwa na kitabu cha mashine, na erthi inayofanya kazi kweli. Mwite fundi umeme aipime, asiitazame tu. Umeme ukiwa unayumba, weka stabilaiza inayolingana na wati za mashine. Zile ndogo za friji hazitoshi, na mtu anapobonyeza mbio kali ndipo utakapojua. Za mitumba kutoka Marekani zisome bamba la nyuma kabla hujatoa shilingi: nyingi ni za volti 110 hadi 120, na kwetu tuna 230. Kama uko Mbezi ya upande wa bahari, kuna pia upepo wa chumvi. Mashine iliyokaa karibu na dirisha la baharini itaota kutu kwenye boliti na viunganishi vya nyaya hata kama nje inang'aa, kwa hiyo iweke upande wa ndani na ufutaji wa kila siku uwe wa kitambaa kikavu. Kwa maoni yangu, kundi lisilo na mota ndilo linalofaa zaidi mazingira yetu, kwa kuwa halitegemei umeme na fundi wa kawaida anaweza kulifungua. Ukikubali kupoteza mbio za mota, na ukapata toleo lenye breki, utalala usingizi.

Muulize muuzaji nani hapa nchini ana spea na nani anaweza kuifungua. Akikujibu kwamba fundi atatoka nje, hesabu nauli yake kama sehemu ya bei. Omba pia uione ikihama kutoka kukimbia kwenda sledi. Mkanda lazima usimame kabisa kwanza, ndipo hali ibadilike. Mashine inayobadili kazi mkanda ukiwa bado unatembea usiilete kwenye jimu ya watu. Na ule ufunguo wa usalama wenye kamba uvaliwe kwenye hali zote mbili.

Kuhusu namna ya kuitumia, iwe mashine au sledi ya fundi wako, wanaoanza wape msukumo wa sekunde 15 hadi 20 kwa mzigo wanaoweza kutembea nao bila kusimama, wapumzike dakika moja na nusu, mara 6, siku mbili kwa wiki. Mgongo unyooke, mikono isijikunje na kunyooka kila hatua, na macho yatazame sakafu mita chache mbele, asiinue shingo. Wakizoea, anayetafuta nguvu aende mzigo mzito kwa sekunde 8 hadi 10 na kupumzika dakika 2 au 3 kamili, hata akijiona yuko tayari mapema. Wa Hyrox akimbie dakika 3 kwa kasi yake ya mashindano, asukume mita 25, akimbie tena dakika 3, na umpime kitu kimoja: inamchukua muda gani kurudia kasi yake baada ya sledi. Muda huo ukipungua wiki hadi wiki, anaimarika.

Mwenye presha usimpe mzigo mzito kabla daktari wake hajaridhia. Kusukuma kwa kukaza pumzi kunapandisha presha ghafla, na watu wengi hukaza pumzi bila kujua. Mfundishe kila mtu kutoa hewa kwa kila hatua, na asikike akitoa. Akinyamaza kimya huku uso umejaa damu, punguza uzito hapo hapo.

Kesho asubuhi weka karatasi kwenye ile mashine wanayoizima, andika kwamba mkanda hausukumwi kwa miguu, na chini yake andika siku ambayo sledi itakuwa tayari. Ukiwa na vipimo vya nafasi yako, urefu na upana, nitumie nikuchoree sledi ya kumpa fundi.